Goma: Vijijini ambako muuguzi ndiye daktari

Kwenye vilima vya Masisi, magharibi mwa Goma, mgonjwa aliyezidiwa bado hubebwa kwa kipoyi, yaani machela ya miti na kamba mabegani mwa vijana wanaopokezana njiani. Wakifika kituo cha afya usiku, anayewafungulia mlango ni mtu mmoja mwenye tochi ya simu, koti jeupe na rejista. Hakuna daktari wa kuamshwa. Mtu huyo ndiye atakayeuliza maswali, atakayepima, atakayeamua ni ugonjwa gani na dawa gani, na ndiye atakayewaambia vijana wale waweke kipoyi chini au waendelee na safari hadi hospitali.

Kwa lugha ya ofisi anaitwa infirmier titulaire, muuguzi mkuu wa kituo. Katika vikao vya afya hufupishwa kuwa IT. Kijijini ni "muganga" au "dokta" tu, na ni wachache wanaojisumbua kuwasahihisha wanaowaita hivyo, kwa sababu kazi wanayoifanya kutwa ndiyo ambayo mji mkubwa ungemwachia daktari.

Tangu Januari 2025, waasi wa M23 walipoteka Masisi-kati, Minova, Sake na hatimaye mji wa Goma, kazi hiyo imekuwa nzito zaidi. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafungwa, na kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji zikavunjwa katika majuma machache. Mamia ya maelfu ya watu walirudi vijijini kwao, kwenye vituo vya afya ambavyo baadhi havikuwa tena na mlango wala kitanda.

Mpango wa tangu zamani

Ni rahisi kudhani kwamba muuguzi anatibu kijijini kwa kuwa vita vimewafukuza madaktari. Sivyo. Mfumo wa afya wa Congo ulijengwa makusudi juu ya muuguzi.

Wakati wa uhuru mwaka 1960, nchi haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani. Wabelgiji walikuwa wamesomesha wauguzi na wasaidizi wa madaktari, lakini hawakuwa bado wametoa daktari kamili. Madaktari wa Kizungu walipoondoka kwa haraka, baadhi ya wasaidizi hao walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo ya udaktari, na wauguzi wakabaki kushika wodi na zahanati.

Katika miaka ya 1970, mradi wa Kasongo, huko Maniema, uliosimamiwa na Wakongomani pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulitaka kuonyesha kwamba vituo vidogo vinavyoongozwa na wauguzi, vyenye maelekezo yaliyoandikwa na hospitali moja nyuma yao, vinaweza kuhudumia watu wengi kwa gharama ndogo. Mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ulipoifanya afya ya msingi kuwa kaulimbiu ya dunia, Zaire ilikuwa tayari na mifano ya nyumbani. Miaka ya 1980 nchi ikagawanywa katika zone 306 za afya. Leo zimepita 500, na Kivu Kaskazini peke yake ina 34.

Kila zone ina ofisi kuu chini ya daktari anayeitwa mganga mkuu wa zone, ina hospitali kuu ya rufaa, na imegawanywa katika maeneo ya afya. Kila eneo lina kituo kimoja, na kituo kina IT wake. Madaktari wako hospitalini na ofisini. Kuanzia Kibumba upande wa Nyiragongo hadi vijiji vya zone ya Kirotshe kando ya Ziwa Kivu, na juu zaidi kuelekea Mweso na Birambizo, mgonjwa anayekwenda kituoni anakwenda kwa muuguzi.

Nchi jirani zilichagua njia tofauti kidogo. Kenya, Uganda na Tanzania zina kada ya matabibu, watu waliosomea kuchunguza na kutibu bila kuwa madaktari wala wauguzi. Marekani nayo ilianza mwaka 1965, pale Loretta Ford, aliyekuwa ametumika kama muuguzi wa afya ya jamii katika vijiji vya Colorado, alipoungana na daktari wa watoto Henry Silver kuanzisha mafunzo ya wauguzi watabibu. Ford alifariki Januari 22, 2025, akiwa na umri wa miaka 104, siku chache tu kabla Goma haijaanguka. Alichokidai kwa wauguzi wa nchi yake, yaani masomo ya juu, cheo kinachotambulika na haki ya kuandika dawa, ndicho wenzao wa Masisi na Rutshuru wanachokifanya kila asubuhi bila cheo hicho.

Nchini Congo wauguzi hupangwa kwa herufi. A2 ametoka sekondari ya tiba, A1 amesoma chuo cha juu kama ISTM ya Goma, na A0 ana licence. Vijijini, A2 na A1 ndio wengi. Mtu huwa IT kwa kuteuliwa, si kwa diploma ya pekee ya kazi hiyo. Sheria ya Julai 2016 iliwapa wauguzi chombo chao cha kitaaluma, kinachoandikisha wanachama na kusimamia maadili. Ni hatua kubwa. Lakini haikubadilisha hesabu ya kijijini, ambako mwenye diploma ya kumhudumia mgonjwa aliyekwisha kuchunguzwa ndiye anayechunguza.

Saa yenye mshale wa sekunde

Ili kazi hiyo isiwe ya kubahatisha, IT hupewa ordinogramu, michoro ya maswali inayomwongoza hatua kwa hatua. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, maswali ya kwanza ni yale yale dunia nzima. Je, anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hana fahamu? Jibu moja la hatari linatosha kumfanya mtoto awe wa kupelekwa hospitali.

Kisha inakuja kazi ambayo mtazamaji anaweza kuidharau. Muuguzi humfunua mtoto kifua, akashika saa yenye mshale wa sekunde, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Si nusu dakika mara mbili, kwa sababu mtoto hapumui kwa mpangilio. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha pumzi 50, anahesabiwa kuwa anapumua haraka. Wa mwaka mmoja hadi mitano, mpaka ni 40. Kituo hakina picha ya eksirei na hakitakuwa nayo. Pumzi zilizohesabiwa vizuri, pamoja na kuangalia kama kifua kinabonyea kwa ndani, ndizo zinazotenganisha mafua na nimonia, na kuamua kama mama ataondoka na amoksisilini au na ushauri tu.

Dakika moja ni ndogo hadi pale foleni nje inapofika watu sitini. Hapo ndipo kazi inapoharibika kimyakimya. Mchoro unarukwa, kipimo cha haraka cha malaria kinachukua nafasi ya uchunguzi, na mtoto mwenye malaria na nimonia kwa pamoja anatibiwa ugonjwa mmoja.

Baada ya foleni hiyo kuna mizani na utepe wa mkono. Mzunguko wa mkono ukiwa chini ya milimita 115, utepe unasoma nyekundu, maana yake ni utapiamlo mkali. Kuna kliniki ya wajawazito siku moja ya juma, chanjo siku nyingine. Kuna mama anayejifungua nyuma ya pazia, ambaye karatasi yake ya uzazi lazima ijazwe saa kwa saa, kwani mlango wa kizazi ukichelewa mno kufunguka ni ishara kwamba mambo huenda yasiishie hapo. Kuna oksitosini ya kuzuia damu baada ya kuzaa, dawa inayotaka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, katika kijiji ambacho friji hutegemea jua. Kuna duka la dawa la kituo, daftari la fedha, kikao na kamati ya afya ya wanakijiji, na ripoti ya mwezi inayotakiwa ofisi kuu ya zone. Takwimu zote zinazosomwa Kinshasa na Geneva kuhusu malaria, surua au kipindupindu vya Kivu zilianza kama mistari ya kalamu kwenye rejista hizo.

Karatasi ya transferi

Uamuzi mgumu kuliko wote ni wa kumtuma mgonjwa hospitali. Kwenye mchoro ni mshale mmoja. Kijijini ni mazungumzo na familia nzima.

Baba atauliza bei ya pikipiki. Atauliza nani atalipa hospitalini, nani atabaki na watoto wengine, na kama barabara imefunguliwa. Kutoka Sake hadi Goma ni kilomita zisizofika 30, ila umbali huo umewahi kukatwa kwa miezi. Kutoka Rutshuru ni kama 70. Ndani zaidi ya Masisi, mvua ikinyesha, kilomita hazina maana. Watu huhesabu saa, na motari hupandisha nauli kwa kila saa. Katikati ya njia kunaweza kuwa na vizuizi vya watu wenye silaha. Usiku, motari wengi hawakubali kabisa.

Basi IT hujikuta akipima mambo mawili kwa mara moja, hali ya mgonjwa na hali ya njia. Mama mwenye uchungu uliokwama atumwe sasa, gizani, au asubiriwe hadi alfajiri? Mtoto mwenye malaria kali apewe kwanza artesunate ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya safari ndefu kama hiyo, halafu aondoke? Akimtuma na mgonjwa akafa njiani, familia itasema alimkataa. Akimbakiza na akafa kituoni, watasema alimng'ang'ania apate fedha. Shutuma ya pili huuma zaidi, kwa sababu ina chembe ya ukweli juu ya namna vituo vinavyoendeshwa.

Mshahara wa mgonjwa

Sehemu kubwa ya fedha inayokiendesha kituo cha afya cha kijijini Congo hutoka mfukoni mwa mgonjwa. Kadi, kipimo, dawa na uzazi hulipiwa, na kinachopatikana hununua dawa nyingine, hulipa mlinzi, hupeleka sehemu ngazi za juu, na kinachobaki hugawanywa kuwa posho ya wafanyakazi. Serikali inatakiwa kulipa mshahara na posho ya hatari, lakini wauguzi wengi hawamo kwenye orodha ya malipo, au wanapata posho bila mshahara. Kwa hiyo mtu anayemwambia mgonjwa "huhitaji sindano" anapunguza chakula cha nyumbani kwake mwenyewe. Wengi husema hivyo hata hivyo. Lakini si haki kwa mfumo kumtegea mtu mtego wa namna hiyo kila siku kisha kumhubiria maadili.

Mashirika ya misaada yanapoingia na kulipia matibabu, foleni huongezeka ghafla, jambo linaloonyesha ni wangapi walikuwa wanaugua nyumbani. Mradi ukiisha, bei hurudi na watu hupungua, ingawa ugonjwa haujapungua. IT ndiye anayelazimika kusimama barazani na kutangaza kwamba kuanzia Jumatatu kadi inalipiwa tena.

Mwaka 2025 mambo yote hayo yaligongana. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Congo, ilisimamisha misaada yake mwezi uleule Goma ilipotekwa. Benki zilipofungwa, watumishi waliokuwa wakilipwa kupitia akaunti walilazimika kutafuta fedha zao kwa simu na kukatwa ada, au kusafiri hadi mji mwingine ambako benki inafanya kazi. Dawa, ambazo bohari la ASRAMES la Goma limekuwa likizisambaza kwa zone za mkoa tangu miaka ya 1990, zilianza kutegemea barabara na mipaka zaidi kuliko ndege. Oktoba 2025, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilisema asilimia 85 ya vituo vya afya katika Kivu mbili vilikuwa na upungufu wa dawa, na karibu asilimia 40 vilikuwa vimepoteza wafanyakazi. Mwishoni mwa mwezi huo, mkutano wa Paris ulitangaza nia ya kuufungua uwanja wa Goma kwa ndege za misaada. M23 ikajibu kwamba haikushirikishwa.

Muuguzi anapoondoka kijijini, si kwamba kituo kinapunguza huduma. Mara nyingi kinafungwa, au kinabaki mikononi mwa mkunga na mfagizi aliyejifunza kufunga kidonda kwa kutazama.

Saa 72

Kuna hesabu nyingine ambayo kila IT wa eneo hili anaijua kwa moyo. Mwanamke aliyebakwa akifika ndani ya saa 72, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi bado zinaweza kumkinga. Ndani ya saa 120, bado anaweza kuzuia mimba. Baada ya hapo, kinachobaki ni kutibu magonjwa ya zinaa, majeraha, na kumsikiliza.

Mwaka 2024 pekee, Madaktari Wasio na Mipaka walisema walisaidia kuwahudumia karibu waathirika 40,000 wa ukatili wa kingono katika mkoa wa Kivu Kaskazini. Wengi walikuwa wanawake wa kambi zilizokuwa pembeni ya Goma, walioshambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Kambini, kliniki ilikuwa hatua chache kutoka hemani. Kijijini, mwanamke huyo lazima kwanza atoke shambani bila kuonekana, apate sababu ya kumweleza mume au mama mkwe, atembee hadi kituoni, akae kwenye benchi moja na majirani, kisha amwambie muuguzi ambaye huenda ni shemeji yake.

Saa 72 zinakwisha haraka. Na zikiwa bado, kabati la dawa nalo lazima liwe na kile kifurushi. Kisipokuwapo, karatasi ya transferi inaandikwa tena, na swali la nauli linarudi.

Wa kwanza kugusa

Mkoa huu unajua vizuri bei ya kuwa wa kwanza kumgusa mgonjwa. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Wahudumu wa afya 171 walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Virusi vilipita kwenye vituo vidogo ambako sindano, mikono na mashuka viligusana kabla jina la ugonjwa halijajulikana. Hofu iligeuka hasira, na wahudumu walipigwa mawe, wengine waliuawa.

Goma iliokolewa kwa sehemu na jambo dogo la kituoni. Julai 14, 2019, mchungaji mmoja aliyetoka Butembo kwa basi alifika akiwa mgonjwa. Kwenye kituo cha afya alikopelekwa, wahudumu walimshuku, wakatoa taarifa, na siku hiyohiyo akahamishiwa kituo cha matibabu ya Ebola. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja, unaopakana na Rwanda, ulimaliza mlipuko ukiwa na wagonjwa wanne tu waliothibitishwa.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya mpox. Kambi za Goma zilipata vipele vile, kituo cha Munigi kikajaa watoto, na Oktoba 5 mwaka huo chanjo ilizinduliwa mjini humo, ikianza na waliokuwa hatarini zaidi, wakiwemo wahudumu wa afya. Kipindupindu chenyewe hakina mwaka. Kando ya Ziwa Kivu kinarudi kila maji yanapokosekana, na IT wa Kirotshe humtambua mgonjwa wake kwa macho yaliyozama kabla hata ya kuuliza.

Kinachorudi

Karatasi ya transferi ina sehemu mbili. Ya juu hujazwa na IT: jina, umri, dalili, dawa alizotoa, saa mgonjwa alipoondoka. Ya chini ni ya daktari wa hospitali, aandike alichokikuta, alichofanya, na muuguzi aendelee vipi na mgonjwa huyo akirudi nyumbani. Ndipo IT angejifunza kama alipatia. Ndiyo shule pekee ambayo wengi wao wangeipata baada ya chuo.

Hospitali zikiwa zimejaa majeruhi, sehemu hiyo ya chini mara nyingi haijazwi. Karatasi inabaki kwenye faili hospitalini, au mfukoni mwa mgonjwa, au inapotea njiani. Habari huja kwa njia nyingine, Jumapili baada ya ibada au siku ya soko, pale mtu wa familia anapopita kituoni na kusema kwamba mtoto anaendelea vizuri, au kwamba walimzika Goma kwa sababu hawakuwa na fedha za kumrudisha.

Kwenye rejista, mbele ya jina hilo, safu ya mwisho ina neno moja tu lililoandikwa usiku ule: "ametumwa."